Kopo la Misumari

Ndugu zangu, kaeni. Mzee wa kanisa ameshawaambia mzime simu, na mmezizima, nawashukuru. Najua wengine mmekuja hapa moja kwa moja kutoka kazini, na wengine mmechagua mabenchi ya nyuma ili mkisinzia nisiwaone. Nawaona. Sina ugomvi nanyi, hata mimi wiki hii imenichosha. Kwa hiyo sitahubiri kwa kelele. Nitawapa habari ya mtu mmoja aliyechoka, halafu tuombe, twende nyumbani.

Mtu huyu alikuwa karani katika ofisi ya maji ya mji fulani, msiniulize upi. Alikaa kwenye dirisha lenye kibao kilichoandikwa MALALAMIKO. Miaka kumi na tisa alikaa pale. Watu walipanga foleni tangu ofisi haijafunguliwa, na kila aliyefika dirishani alikuja na hasira aliyoiandaa njia nzima. Bomba limepasuka siku ya nne leo. Maji yanatoka mekundu. Maji hayatoki, ila bili inatoka. Karani hakupasua bomba lolote, hakupandisha bili ya mtu, lakini sura waliyoiona ni yake, basi wakamshushia yeye. Naye aliandika kwenye daftari, akasema "Tumepokea, mama," akasema "Tumepokea, mzee," mpaka neno hilo likamkauka mdomoni.

Na akitoka kazini, je, alipumzika? Mnaujua ukoo wenye mtu mmoja tu wa mshahara. Kila paa lililovuja lilivujia kwake. Shangazi ana jino linauma. Binamu amegombana na mkewe. Simu ilipolia, alijua kabla ya kuipokea kwamba hakuna anayepiga kumuuliza ameshindaje.

Aliyepiga zaidi ya wote alikuwa dada yake mkubwa. Dada huyu aliishi kijijini peke yake, kwenye nyumba ya wazazi wao, na ndiye aliyemlea karani. Mama yao alifariki karani akiwa darasa la pili, dada akaacha shule siku ile ile. Akamfulia sare, akamchemshia uji, akakaanga vitumbua na kuvitembeza sokoni mpaka mdogo wake akamaliza kidato cha nne. Kwa hiyo msiseme hakumpenda. Alimpenda kuliko mtu yeyote. Lakini dada alikuwa na simu, na hakuwa na haraka.

Akipiga ni nusu saa, na nusu saa yote ni manung'uniko. "Vitabu vya nyimbo vya siku hizi wanachapa herufi ndogo mno, sijui wanabania karatasi. Watoto wa jirani wananisogezea ndoo, juzi nimeikwaa nusura nivunjike mguu. Binti wa fundi cherehani kanipita njiani bila shikamoo, malezi gani hayo? Na ile balbu uliyoniletea haina mwanga. Na chai imenimwagikia tena mkononi, hivi vikombe siku hizi wanavitengenezaje?"

Mwanzoni karani alijibu moja moja. Baadaye akajifunza mbinu. Aliweka simu mezani kando ya sahani, akaendelea kula, na kila baada ya muda akainama kidogo akasema, "Ehe, dada." Dada hakujua, au alijua akanyamaza. Mwishowe hata hiyo ehe ikamshinda. Akaifanyia simu yake kitu ambacho wengi wenu mnakijua. Akaipanga hivi kwamba akipiga mwingine inalia, akipiga dada hailii. Hakumfuta. Hakumkatia simu hata siku moja. Alimwekea kimya tu, akajiambia atampigia yeye mwenyewe akipata nafasi.

Mtu aliyechoka hivi hutafuta mahali pa kujificha. Wengine mnajificha mnapopajua. Yeye alijificha kwenye kikundi.

Walikuwa watu saba wanaokutana kila Jumamosi asubuhi, kila mmoja na mashine ya kutafutia vitu ardhini, ile yenye sahani chini na mpini mrefu, inayolia ikipita juu ya chuma au fedha. Aliyekianzisha kikundi ni fundi redio mstaafu. Walikuwa na kibali chao, na walikuwa na shamba waliloruhusiwa, mahali ambapo enzi za Mjerumani palikuwa na karakana ya mikokoteni. Wazee wa hapo walisema ziliwahi kuonekana rupia za fedha za zamani wakati wa kulima. Kwa miaka miwili kikundi hakikuziona. Walichokipata ni misumari. Ardhi ile ilikuwa imejaa misumari, nati, vipande vya waya na vipande vya kwato za chuma.

Na mwenye shamba aliwapa sharti moja tu. Kila chuma mtakachokifukua, ondokeni nacho, kwa sababu ng'ombe wangu wanachomwa miguu. Kwa hiyo kila mtu alibeba kopo tupu la rangi kiunoni, na kila msumari uliingia koponi. Saa sita mchana wakimaliza walipanga makopo chini na kutaniana kwa wenye makopo mazito.

Kopo la karani lilikuwa jepesi siku zote. Si kwamba hakutembea. Alitembea kuliko wenzake. Lakini mashine zile zina kitufe cha kuzungusha, na ukikizungusha unaiambia mashine isilie kwa ajili ya chuma, ilie kwa fedha na shaba tu. Karani alikizungusha siku ya kwanza na hakukirudisha. Akavaa vile visikilizio vya masikioni, akafumba nusu ya macho, akapeleka sahani kushoto na kulia, na masikioni mwake kukawa kimya. Ndugu zangu, hakwenda pale kutafuta rupia. Alifuata ule ukimya.

Mwezi mmoja alijiunga mama mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mashine yake ililia mfululizo. Kila hatua mbili mwalimu alipiga magoti, akachimba kwa kijiko cha bustani, akatoa msumari, akautia koponi, akafukia shimo, akainuka kwa kushika kiuno. Wakamwita Mama Seremala. Yeye akacheka nao.

Siku moja karani alimhurumia. Akamsogelea.

"Mwalimu, zungusha hiki hapa. Itaacha kukusumbua na chuma. Utatembea kwa raha kama mimi."

Mwalimu alikitazama kitufe, akamtazama na yeye.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili, mwanangu. Watoto themanini chumba kimoja. Nilikuwa na fimbo ya kuwanyamazisha wote, na nilijaribu. Lakini ukilinyamazisha darasa zima, hutamjua yupi hajala."

"Hili si darasa, mwalimu. Hii ni misumari."

"Mingi ni misumari," akasema mwalimu, akarudi kupiga magoti.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, karani aliamka na simu nne za dada ambazo hazikulia. Akaziona, akasema nitampigia jioni, akachukua mashine yake. Alipewa ukanda wa shamba ulio kando ya kichuguu. Akaupita kwenda, akaupita kurudi, taratibu, kwa ukimya wake mzuri, hakusikia kitu. Akahamia mbele. Mwalimu akaingia ukanda ule ule nyuma yake, na mashine yake ikapiga ukelele wa chuma ambao wote waliusikia hata bila vya masikioni.

Akachimba. Kikatokea kipande cha duara la chuma, lile linalovalishwa gurudumu la mkokoteni, limeliwa na kutu mpaka linabanduka tabaka tabaka. Wenzake wakamtania kwamba leo Mama Seremala amepandishwa cheo, amekuwa mhunzi. Fundi redio akaja kumsaidia kuling'oa, maana halikuingia koponi. Likang'oka. Chini yake palikuwa na chungu kidogo kilichopasuka, na ndani ya chungu vitu vya mviringo, vyeusi, vimegandana. Mwalimu akatoa kimoja, akakisugua kwenye pindo la kanga yake. Kikaanza kuwa cheupe. Kikatokea kichwa cha mfalme mwenye masharubu.

Rupia kumi na saba za fedha. Watu wazima wakakumbatiana kwenye shamba la mtu kama wamepata mtoto. Karani hakumkumbatia mtu. Alisimama akiangalia alama za viatu vyake mwenyewe, ambazo zilipita pembeni mwa lile shimo, zikaenda, zikarudi.

"Hapo nimepita mara mbili," akasema. "Mara mbili leo hii, na haikulia."

Fundi redio akamuuliza, "Umeiweka isisikie chuma?"

"Ndiyo."

"Basi ungepita hata mara mia. Ukiiambia isisikie chuma, haisikii na kilicho chini ya chuma. Fedha ipo inalia hapo miaka yote, lakini inalia chini ya kutu."

Na mwalimu, bado amepiga magoti, akasema kwa sauti ya chini kama anazungumza na shimo, "Aliyezika hakutaka ionekane. Akaweka juu yake kitu ambacho hakuna mtu atakayekitamani. Alijua yeye atakijua."

Karani alikwenda kukaa juu ya kichuguu. Akatoa simu. Akaziangalia zile simu nne. Akaangalia za wiki iliyopita, na za kabla ya hapo, zimepangana chini chini, jina lile lile. Akapiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Upo? Nilidhani umehama nchi." Na dada akaanza, kama kawaida. Ndoo imesogezwa tena. Wimbo wa Jumapili iliyopita kanisani ameshindwa kuusoma, akabaki kufungua mdomo tu. Fundi cherehani amekuja kulalamika eti binti yake alimpungia mkono na kumwamkia, na yeye dada ndiye aliyempita bila kumtazama, mnaona uongo huo? Kifaranga amekanyagwa, na aliyemkanyaga ni yeye mwenyewe, kwa sababu vifaranga vya mwaka huu vina tabia ya kuja miguuni kimya kimya.

Safari hii karani hakuiweka simu chini. Aliikandamiza sikioni mpaka sikio likauma. Akapokea msumari mmoja mmoja, akautia koponi, hakusema ehe. Dada alipotulia kupumua, akamuuliza.

"Dada, hiyo ndoo uliikwaa kwa mguu upi?"

"Wa kushoto. Kwani mguu una nini?"

"Na huyo binti, wanasema alikuwa upande gani wa njia?"

"Wanasema kushoto. Mimi sikuona mtu."

"Na kifaranga?"

"Kushoto," akasema dada, polepole.

"Dada. Jicho la kushoto linaona?"

Karani alisikia jogoo akiwika kule kijijini, na akasikia pumzi ya dada yake. Kisha dada akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu siku ya msiba wa mama yao.

"Lilianza kama ukungu. Nilidhani litapita. Nikasema nikikwambia hivi hivi, ndoo, balbu, vitabu, utaelewa mwenyewe. Sikutaka kukuambia moja kwa moja. Una mizigo mingi, mdogo wangu. Niliogopa utanichoka."

Karani alilia palepale juu ya kichuguu, wenzake wakadhani analilia rupia.

Jumatatu hakwenda dirishani. Alimfuata dada, akampeleka hospitali ya mkoa. Daktari wa macho akampima muda mrefu, kisha akamwita karani kando. Akamwambia ni presha ya macho, inakula kidogo kidogo kutoka pembeni, mgonjwa hahisi maumivu. Akasema, "La kulia tutalilinda, limebaki na nguvu. La kushoto limekwisha. Amelalamika lini mara ya kwanza?"

Mngejibu nini, ndugu zangu? Yeye alikuwa mtu wa kuandika malalamiko. Miaka kumi na tisa alijaza madaftari ya mabomba ya watu asiowajua, tarehe na saa. La dada yake hakuliandika popote. Akasema, "Mwaka jana. Aliniambia tangu mwaka jana."

Daktari akasema, "Mwaka jana tungepata kitu."

Alipotoka, dada alikuwa kwenye benchi la korido, analalamika. Benchi gumu. Nesi hana salamu. Harufu ya dawa inamtia kichefuchefu. Karani akazunguka akakaa upande wake wa kulia, upande unaoona, akasogea karibu, akamsikiliza mpaka jina lao likaitwa.

Habari imeishia hapo. Sasa nisikilizeni mimi kidogo.

Sikusema yule karani alikuwa mtu mbaya. Kama mlikuwa mnamhukumu, acheni. Alikuwa amechoka, basi. Watu wengi tunaowaumiza hatuwaumizi kwa chuki, tunawaumiza kwa uchovu, na uchovu hauonekani kama dhambi ndiyo maana hatuungami. Na wala sitawadanganya kwamba kila manung'uniko yana fedha chini yake. Mwalimu alibeba makopo mangapi kabla ya siku ile? Mengi. Na ya Jumamosi iliyofuata yalikuwa misumari tena. Mama yako anayerudia habari ya paa, pengine ni paa tu. Mume wako anayenung'unikia chumvi, pengine ni chumvi. Lakini utajuaje, ikiwa umeshazungusha kitufe?

Watu hawaleti maumivu yao yakiwa yamesuguliwa yanang'aa. Wanayafunika kwa kitu kisichotamanika, kwa sababu wanaogopa. Mtoto hasemi mwalimu ananipiga, anasema tumbo linauma kila Jumatatu. Mke hasemi niko mpweke, anasema unachelewa sana kurudi. Na sisi tunasema huyu naye, kila siku yeye, tunapita juu yake kwenda na kurudi, kwa raha, kimya kabisa masikioni.

Mmeinamisha vichwa. Vizuri, lakini viinueni, sijamaliza, na lililobaki si la kuwalaumu.

Fikirini sala zenu za wiki hii. Mimi nimefikiria zangu njiani nikija. Mgongo. Ada ya shule. Mvua haijanyesha, Bwana. Mvua imezidi, Bwana. Yule mtu wa ofisini, Bwana, unamwona? Na kwa nini mimi. Juzi nilisema hayo, jana nikayarudia kwa maneno yale yale, na leo alfajiri tena kabla sijanawa uso. Hiyo ni misumari, ndugu zangu, makopo kwa makopo. Na lile lililokuwa linaniuma hasa sikulitaja. Nililifunika kwa mgongo na mvua, kwa sababu hata mimi, mtumishi wake, niliogopa kumchosha.

Hebu fikirini kama naye angechoka kama sisi. Kama angeweka masikio yake yapokee sifa na shukrani peke yake, na yetu haya mengine yapite kimya. Nani angesikika humu ndani? Mimi nisingesikika. Amekaa kwenye dirisha la malalamiko tangu kabla babu zetu hawajazaliwa, foleni haijawahi kuisha, na hata siku moja hajatuwekea kimya. Amepiga magoti kwenye kutu yetu, msumari baada ya msumari, anatafuta kilicho chini.

Kuna mtu umemwekea kimya. Unamjua, na nilipokuwa nazungumza jina lake limekupitia kichwani mara tatu.

Basi washeni simu zenu. Mzee wa kanisa anisamehe leo. Washeni, na yule mrudishieni mlio wake. Halafu tusimame tuombe. Ikilia tukiwa katikati ya sala, toka nje ukaipokee na umsikilize mpaka mwisho. Mungu atakusubiri, ameshazoea kutusubiri.